Msaidizi wa Msimu Katika Bustani za Umma: Mwongozo Kamili, Tangu Maombi Hadi Kurudisha Funguo

Wengi wanaoomba kazi ya usaidizi wa msimu bustanini hudhani wanaenda kufagia majani na kumwaga taka. Kufagia kupo, na taka zipo, tena nyingi. Lakini nimeifanya kazi hii kwa misimu kadhaa, kisha nikawa miongoni mwa wanaowafundisha wapya, na kila mwaka nimeona jambo lile lile: anayeitwa tena msimu unaofuata ni mwenye macho, hata kama mikono yake si ya kasi. Anaiona bolti iliyolegea kwenye bembea kabla mtoto hajakaa. Anaona tawi kavu lililoning'inia juu ya benchi. Anaona mama aliyeanza kuzungukazunguka akiita jina, naye anamfuata kabla hajaanza kulia.

Basi mwongozo huu ni wa kukufundisha kuona, pamoja na kufagia. Nitakaa zaidi pale ambapo watu huumia au hupoteza kazi, na pale pasipo na mengi nitapita haraka.

Hatua ya kwanza: omba kabla msimu haujanukia

Bustani za umma, fukwe, viwanja vya watoto na hifadhi zenye kambi hufurika watu kwa miezi michache ya mwaka, wakati wa likizo na hali nzuri ya hewa. Wafanyakazi wa kudumu hawatoshi, ndipo wanapoajiriwa wa msimu. Kosa la kawaida ni kuomba msimu ukishaanza. Wakati huo orodha imeshajaa, sare zimeshagawiwa, na mafunzo yamekwisha. Anza kuulizia miezi mitatu au minne kabla.

Kwenye barua ya maombi, usiandike kwamba unapenda mazingira ukaishia hapo. Kila mwombaji anayapenda. Andika ulichofanya kwa mikono yako: ulisafisha vyoo vya shule, ulitunza miche, ulisimamia foleni mahali penye watu wengi, ulishika pesa za watu na hesabu ikatimia. Kama una leseni ya udereva au cheti cha huduma ya kwanza, kiweke juu kabisa. Mahali pengi mashine za kukatia nyasi na magari ya kazi hawapewi wenye umri chini ya miaka 18, kwa hiyo taja umri wako bila kuzunguka.

Sema kweli kuhusu siku unazoweza kufanya kazi. Kazi hii huishi mwisho wa wiki na sikukuu. Ukiahidi Jumapili kisha ukaanza kuomba ruhusa kila Jumapili, mzigo wako unabebwa na mwenzako, na msimamizi hasahau.

Kabla ya usaili nenda ukaitembee bustani yenyewe, saa nzima, kama mgeni. Tazama vyoo viko wapi, mapipa gani yamefurika, kibao kipi hakisomeki. Watakuuliza swali la namna hii: "Mgeni amemwachia mbwa wake bila kamba na amekataa kumfunga. Utafanya nini?" Hapa hawatafuti shujaa. Wanataka kusikia kwamba utamsalimu, utamweleza kanuni na sababu yake, na akikataa utaondoka na kumpigia simu mlinzi au msimamizi, bila kubishana. Msaidizi hana mamlaka ya kumkamata mtu wala kumtoza faini. Anayelijua hilo tangu usaili huaminiwa mapema.

Hatua ya pili: soma mkataba ukiwa umekaa

Mkataba wa msimu ni mfupi, na kwa sababu ni mfupi watu huusaini wakiwa wamesimama. Kaa chini. Tafuta humo tarehe ya kuanza na ya kumaliza, malipo ni ya saa au ya siku, saa za ziada zinalipwaje, na siku ya mvua kubwa mkirudishwa nyumbani mnalipwa au hamlipwi. Uliza nani ananunua buti. Uliza ukiumia kazini nani anagharimia matibabu, na uombe uonyeshwe mahali palipoandikwa.

Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kila siku andika saa uliyoingia, saa uliyotoka, na ulichofanya. Msimu wangu wa kwanza malipo yalikuja pungufu kwa siku tatu, na karani hakuwa na nia mbaya, ila karatasi za zamu zilikuwa zimelowa. Daftari langu ndilo lililonipa haki yangu. Wenzangu wawili walikuwa na madai kama yangu ila hawakuwa na maandishi, wakazunguka ofisini wiki nzima.

Hatua ya tatu: andaa mwili na mavazi

Buti ngumu za kukinga vidole, suruali ndefu, shati la mikono mirefu jepesi, kofia yenye ukingo mpana unaofunika shingo na masikio. Vaa buti nyumbani wiki mbili kabla ya kuanza, maana malengelenge ya siku ya kwanza hugeuka vidonda ifikapo siku ya nne. Uwe na glavu za aina mbili: za ngozi au turubai kwa ajili ya miiba na zana, na za mpira kwa ajili ya vyoo na taka. Usizichanganye.

Joto ndilo adui asiyeheshimiwa ipasavyo. Wanaozidiwa na joto kazini mara nyingi ni wapya, siku zao za mwanzo, kwa sababu mwili haujazoea. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa usalama kazini ni hii: siku ya kwanza kwenye joto kali, mfanyakazi mpya afanye asilimia 20 tu ya kazi nzima, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Kwa hiyo siku ya tano ndipo unabeba mzigo kamili. Kama msimamizi hajakueleza hilo, mwombe akupangie kazi nzito asubuhi na za kivulini mchana.

Kunywa maji kabla hujasikia kiu: robo lita kila dakika 15 hadi 20 unapofanya kazi juani. Na mjue mwenzako anavyoonekana akiwa mzima, ili utambue akibadilika. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, jasho jingi na misuli kukaza ni onyo la kukaa kivulini na kunywa maji. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo, kuyumba au kuzimia, hiyo ni dharura ya kuokoa maisha. Piga simu ya dharura, mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na umpepee, na usimwache peke yake hata dakika moja. Mtu aliyechanganyikiwa usimnyweshe kitu, anaweza kupaliwa.

Hatua ya nne: siku ya kwanza, chora ramani yako

Watakutembeza. Wewe toa daftari uchore. Weka alama mahali pa koki kuu ya maji, swichi kuu ya umeme, kisanduku cha huduma ya kwanza, kifaa cha kuzimia moto, na mashine ya kushtua moyo kama ipo. Weka alama lango ambalo gari la wagonjwa linaweza kupita, na uulize nani ana ufunguo wake. Nimeshuhudia gari la wagonjwa likisubiri nje ya mnyororo huku watu wakitafutana.

Jifunze majina ya mahali jinsi yanavyotamkwa na wafanyakazi. Kwenye ramani ya wageni pameandikwa "eneo la mapumziko namba mbili", ila kwenye redio watu wanasema "mbuyuni". Usipolijua jina hilo, siku ya dharura utakimbilia kwingine.

Redio ya mkononi ina adabu zake. Sikiliza kwanza kama kuna mtu anaongea. Bonyeza kitufe, subiri kama sekunde moja, ndipo useme, la sivyo neno lako la kwanza hukatika. Taja unayemwita, jijulishe, taja ulipo, kisha shida. Mahali hutangulia habari, kwa sababu ukikatika katikati angalau watajua pa kukufuata. Majina ya wagonjwa au ya watoto usiyataje hewani bila sababu, redio husikiwa na wengi.

Hatua ya tano: mzunguko wa asubuhi

Hapa ndipo kazi ilipo. Kama saa moja kabla ya lango kufunguliwa, bustani nzima ni yako. Usiingie na fagio mkononi. Pita kwanza mikono mitupu, na daftari mfukoni, ukiangalia. Ukianza na fagio macho yako hushuka chini yakabaki chini, na tawi lililovunjika usiku litakaa juu ya vichwa vya watu hadi jioni.

Mzunguko wangu huanza kwenye njia: mashimo mapya, mizizi iliyoinuka, vigae vilivyobanduka, utelezi. Kisha miti iliyo juu ya njia na mabenchi. Tawi linaloning'inia usilivute kwa mkono wala usipande kulifuata. Zungushia mkanda eneo lote litakapoangukia, kisha toa taarifa kwa wanaojua kupogoa. Kisha kingo za maji kama bustani ina bwawa au mto. Mwisho kabisa uwanja wa watoto, na hapo nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Uwanja wa watoto uanze na ardhi. Vipande vya chupa hung'aa jua likiwa chini, kwa hiyo asubuhi ndiyo saa yake. Chini ya bembea na mwisho wa mtelezo, miguu ya watoto husukuma mchanga au vipande vya mbao hadi pakabaki shimo gumu. Hapo ndipo wanapoangukia, na hapo ndipo pana kinga ndogo kuliko kwingine. Rudisha kwa reki kila asubuhi. Ni kazi ya dakika tano.

Kisha shika kila kitu. Tikisa nguzo, vuta minyororo ya bembea, pitisha kiganja kilichovaa glavu kwenye mbao kutafuta vibanzi na misumari. Tazama kulabu zilizofunguka na pete zilizolika. Kama kuna ubao ulioanguka ukaacha pengo, lipime: nafasi ya kati ya sentimita 9 na 23 ni hatari, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unaweza kupita na kichwa kikanasa. Kamba yoyote iliyofungwa na wageni juu ya vyuma vya kupandia iondoe mara moja, humkaba mtoto. Mchana, gusa mitelezo ya chuma kwa nyuma ya kiganja, maana jua huweza kuifanya iunguze ngozi ya mtoto kwa sekunde chache.

Ukikuta kifaa kibovu, mkanda wa onyo peke yake hautoshi. Mtoto hupita chini ya mkanda. Kizuie chenyewe: bembea izungushie juu ya mhimili isifikike, mtelezo uzibe mlangoni. Kisha toa taarifa na uandike saa uliyotoa.

Sindano na vitu vyenye ncha

Utakutana navyo, vichakani, chini ya mabenchi na vyooni. Usiokote kwa mkono hata ukiwa na glavu, kwani glavu haizuii sindano. Leta chombo kigumu chenye mfuniko hadi ilipo sindano, kiweke chini kikiwa wima, usikishike kwa mkono mwingine. Okota kwa koleo ndefu ya kubania, ncha ikielekea mbali nawe, iingize, funga. Usijaribu kuirudishia kifuniko chake. Ukichomwa, osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, toa taarifa, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa hufanya kazi zikianzwa mapema, na hazina maana baada ya saa 72 kupita. Usione haya, wala usisubiri zamu iishe.

Kwa sababu hiyo hiyo, mfuko wa taka usiukandamize kwa mguu wala kwa mkono, wala usiubebe ukiwa umeegemea paja. Ushike shingoni, mbali na mwili. Usingoje ujae hadi juu ndipo uutoe.

Vyoo

Mgeni anaihukumu bustani nzima kwa choo chake, na mimi naona ana haki. Kusafisha choo ni ufundi, tena ufundi unaostahili heshima, na anayeufanya vizuri hujulikana.

Weka kibao cha kufunga, fungua milango na madirisha hewa ipite. Fanya kazi kutoka juu kwenda chini, na kutoka palipo safi kuelekea palipo chafu: vioo, masinki, vishikio vya milango, kisha vyoo vyenyewe, na sakafu mwisho, ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Vitambaa vya masinki visiguse vyoo. Vitofautishe kwa rangi ili mtu yeyote wa zamu inayofuata asikosee.

Wapya wengi humwaga dawa juu ya uchafu wakapangusa papo hapo. Dawa hiyo imepotea bure. Klorini iliyomo katika dawa nyingi za kuua vijidudu hudhoofishwa na uchafu, kwa hiyo osha kwanza kwa sabuni, suuza, ndipo upake dawa, kisha uiache ikae imelowesha sehemu hiyo kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko chake. Dawa nyingi huhitaji dakika kadhaa, nyingine hadi 10. Tumia muda huo kubadilisha karatasi na kumwaga mapipa.

Halafu lishike hili kuliko yote ya sehemu hii: klorini usiichanganye kamwe na kitu chenye amonia, kama baadhi ya dawa za kusafishia vioo, wala na tindikali ya kuondolea madoa ya choo. Michanganyiko yote miwili hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu, na kibanda cha choo ni kidogo. Kama mtu alitangulia kumwaga dawa usiyoijua, suuza kwa maji mengi kabla hujaongeza yako. Dawa zisihamishiwe kwenye chupa za soda au maji ya kunywa. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu bado linafanyika.

Ukikuta kinyesi cha panya stoo, usikifagie kikavu, vumbi lake huweza kubeba virusi. Lowesha kwa dawa, subiri dakika tano, pangusa kwa karatasi, tupa, nawa.

Hatua ya sita: nyasi, miti na mashine

Mashine usiiwashe hadi uonyeshwe na mtu anayeijua, hata kama nyumbani umewahi kutumia inayofanana. Kabla ya kukata, tembea eneo lote ukiokota mawe, waya na chupa, kwani kisu cha mashine hurusha jiwe kwa nguvu ya kupofua. Kifyekeo cha begani, yaani mashine ya kufyeka kwa kamba inayozunguka, hakitakiwi kuwa na mtu mwingine ndani ya mita 15. Mtoto akisogea, zima. Petroli ijazwe injini ikiwa imepoa na imezimwa, nje, mbali na anayevuta sigara.

Masikio hayarudi yakishaharibika. Kelele zinazofika desibeli 85 kwa saa nane zinatosha kuyadhuru, na mashine nyingi za bustani hupita hapo. Kipimo cha haraka ni hiki: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, vaa kinga ya masikio.

Nyasi usizikate kwa mkato mmoja hadi chini. Ondoa si zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Ukizinyoa sana, mizizi hudhoofu, udongo hukauka na magugu huingia. Maji mwagilia alfajiri, kwa wingi na si kila siku, ili mizizi ifuate maji chini.

Kuhusu miti, nina jambo linaloniuma. Miti mingi michanga ya bustani huuawa na watunzaji wenyewe, kwa kamba ya kifyekeo inayochubua gome shinani. Chakula cha mti husafiri chini ya gome. Ukilichubua kuzunguka shina lote, mizizi hukosa chakula na mti hufa, ingawa majani yanaweza kubaki mabichi kwa muda na kukudanganya. Usisogeze kifyekeo karibu na shina, ng'oa kwa mkono. Vizuri zaidi, weka matandazo yenye unene wa sentimita 5 hadi 10 kuzunguka mti ili nyasi zisiote, na uyaache mbali na shina kwa upana wa kiganja. Ukiyarundika yakagusa gome, unyevu huliozesha.

Hatua ya saba: wageni

Bustani ya Birkenhead, Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1847, ikiwa miongoni mwa za kwanza duniani kujengwa kwa fedha za umma. Mmarekani Frederick Law Olmsted aliitembelea mwaka 1850, akavutiwa kuona watu wa kila tabaka wakiifurahia sawasawa, na baadaye yeye na Calvert Vaux wakasanifu Central Park ya New York. Huwa nawasimulia wapya habari hii kwa sababu inaeleza kazi yetu. Anayelala kwenye benchi na anayekuja na gari la fahari wote ni wamiliki wa bustani hii. Salamu yako iwe moja.

Unapomkumbusha mtu kanuni, anza na salamu, simama pembeni kidogo badala ya kumkabili uso kwa uso, sema kanuni kwa sentensi moja na sababu kwa nyingine. "Habari za mchana. Samahani, moto tunauwasha kwenye meko tu, nyasi hizi ni kavu na upepo ni mkali." Kisha mpe nafasi. Watu wengi hutii wakiachiwa heshima yao mbele ya watoto wao, na wengi hugoma wakisimamiwa. Akitukana au akikusogelea, ondoka, toa taarifa. Namba ya gari na wajihi wake vikumbuke ukiwa mbali.

Ukiwekwa kwenye kibanda cha kiingilio, hesabu chenji ya kuanzia mbele ya mwenzako na msaini wote wawili. Noti ya mgeni iache mezani hadi umrudishie chenji. Kila malipo yana risiti, hata ya jirani yako. Fedha za jioni zihesabiwe na watu wawili. Taratibu hizi zinakulinda wewe kwanza.

Mtoto amepotea

Mzazi akija, usimwambie atulie. Muulize jina la mtoto, umri, amevaa nini, viatu vya rangi gani, alionekana wapi mara ya mwisho na lini. Toa taarifa kwenye redio hapo hapo, kabla hujaanza kutafuta wewe mwenyewe. Kisha fuateni utaratibu huu:

1. Mtu mmoja akimbilie kwenye maji: bwawa, mto, dimbwi la kuogelea, chemchemi. Maji hutangulia hata kama mzazi ana hakika mtoto hapendi maji.
2. Wengine wasimame kwenye malango na maegesho ya magari.
3. Mzazi mmoja au mtu anayemjua mtoto abaki alipoonekana mwisho, maana watoto hurudi.
4. Vyoo, vichaka, na chini ya vifaa vya michezo vitafutwe kwa kuchungulia, si kwa kuita tu. Mtoto mwenye hofu hujificha.

Polisi waitwe mapema, msisubiri kumaliza kutafuta. Na mtoto aliyepotea akikufuata wewe, baki naye mahali pa wazi, pamoja na mfanyakazi mwingine. Anayekuja kumchukua aulizwe maswali, na mtoto aangaliwe anavyompokea.

Radi, moto na wanyama

Ukisikia ngurumo, radi imeshakuwa karibu kiasi cha kukupiga. Waondoe watu majini na viwanjani, waingie kwenye jengo lenye kuta au ndani ya gari lililofungwa. Kibanda cha kivuli kisicho na kuta hakikingi, na chini ya mti ni pabaya zaidi. Rudini baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na saa ianze upya kila ngurumo inaposikika.

Meko iliyoachwa na jivu jeupe inaweza kuwa na kaa hai chini. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha sogeza nyuma ya kiganja juu yake. Kama bado unahisi joto, haijazimika.

Wanyama wasipewe chakula, na wewe usiwe wa kwanza kuvunja kanuni hiyo. Tumbili aliyezoea mkono wa mtu huishia kunyang'anya na kung'ata. Baada ya kazi vichakani, kagua mwili kutafuta kupe, hasa nyuma ya magoti, kwapani na nyweleni. Mtoe kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja, bila kumpaka mafuta wala kumchoma.

Hatua ya nane: andika, kisha makabidhiano

Kila tukio, hata dogo, liandike siku hiyo hiyo: saa, mahali, ulichokiona kwa macho yako, ulichofanya, uliyemjulisha. Usiandike unachodhani. "Mgeni alikuwa amelewa" ni dhana. "Mgeni alikuwa anayumba na alinuka pombe" ni ulichokiona. Tofauti hiyo huonekana siku karatasi yako inaposomwa mbele ya watu usiowajua.

Mwisho wa zamu mweleze anayekupokea mambo matatu tu: kilichoharibika, kilichofungwa, na kinachosubiriwa. Ukimpa ishirini atashika mawili.

Msimu unapokaribia mwisho, kama wiki mbili kabla, omba barua ya utumishi inayotaja tarehe, majukumu na mashine ulizoruhusiwa kutumia. Omba msimamizi akiwa bado anakukumbuka kwa uso, kwa sababu wasimamizi huhamishwa. Uliza orodha ya kurudi hufunguliwa mwezi gani na uandike jina lako. Kisha pitia daftari lako na uwaandikie ofisini ukurasa mmoja: mapipa yapi hufurika kila Jumapili, koki ipi huvuja, sehemu gani ya njia hujaa maji mvua ikinyesha. Hakuna aliyekutuma, lakini wanaopanga bajeti hawajatembea kule ulikotembea.

Siku ya mwisho rudisha sare zikiwa zimefuliwa, redio na chaja yake, na funguo zote. Zihesabiwe mbele yako, usaini, na ubaki na nakala.